"Do." si Doto: jinsi ya kusoma maneno magumu ya sensa na madaftari ya zamani Kanda ya Ziwa

Kwa miezi kadhaa nilikuwa na ndugu wa babu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nilimkuta kwenye picha ya ukurasa wa daftari la kodi la miaka ya 1920, mstari wa tatu, chini tu ya jina la babu yangu. Karani alikuwa ameandika "Do." Nikasoma Doto. Nikamchora kwenye mti wa ukoo na kuanza kuulizia kaburi lake. Aliyenisimamisha ni shangazi yangu wa Misungwi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na Kulwa wake yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Usukumani Kulwa hutangulia, Doto hufuata, na anayezaliwa baada ya pacha hao ni Shija. Hata Kulwa akifa mchanga, jina la Doto linabaki kumtaja. Ukoo mzima haukuwa na habari ya pacha yeyote. Nikarudi kwenye picha, nikaikuza, nikaona kwamba hiyo "Do." imeandikwa kwenye mistari mingine tisa ya ukurasa ule ule. Ni kifupi cha neno "ditto", yaani "kama hapo juu".

Tangu siku hiyo kila neno gumu naanza nalo kwa swali moja: aliyeshika kalamu alikuwa nani, na alitaka kumwambia nini bosi wake? Babu hakuandika daftari lile. Neno lililomo ni la karani. Ukilisoma kama la babu utapotea.

Hatua ya 1: Ijue sensa na mipaka yake

Mwingereza alihesabu watu wa Tanganyika mwaka 1921, 1931, 1948 na 1957. Baada ya Uhuru tumehesabiwa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ukifungua vitabu vya sensa vilivyochapishwa utakuta jumla: watu wa wilaya fulani, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo, na katika zile za zamani, kabila. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Jina la babu humo hulikuti, na majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri kisheria. Usipoteze nauli kwenda kuyaomba.

Majina yako kwingine: madaftari ya kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, vitabu vya ubatizo na ndoa, kesi za mahakama za wenyeji, orodha za wapagazi na askari, kadi za vyama vya ushirika wa pamba. Lakini kitabu cha sensa kisome hata hivyo, kwa sababu kinakufundisha serikali ya wakati ule iligawa watu katika mafungu gani. Mafungu hayo hayo ndiyo aliyoyatumia karani wa kodi.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina vile vinavyoitwa vitabu vya wilaya vya enzi za Mwingereza, vyenye habari za watemi (machifu), mipaka na mila. Nenda na barua ya utambulisho. Kwa upande wa kanisa anzia parokia ya ukoo wenu. Bukumbi, kusini mwa jiji la Mwanza, ni misheni ya Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, tangu 1883, na Nassa palikuwa na Waanglikana kabla ya kupokewa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1909. Parokiani usianze kwa kupiga picha. Msalimie karani wa parokia, eleza unamtafuta nani, na uache yeye akufungulie kitabu.

Hatua ya 2: Mtambue mwandishi kwa tahajia yake

Kabla ya kutafsiri neno lolote, tazama jinsi majina ya mahali yalivyoandikwa. Ukiona "Muansa", "Njansa" au "Schirati", aliyeandika ni Mjerumani au karani aliyesomeshwa naye. Kwake "sch" ni sh, "tsch" ni ch, "dsch" ni j, na "j" ni y. Ndiyo maana Nyanza inakuwa Njansa. Ukiona "ou" mahali pa u, kama "Oukéréwé" au "Boukoumbi", huyo ni padre Mfaransa. Ukiona Usukuma, Uzinza na Usmao mahali ambapo wenyewe wangesema Busukuma, Buzinza na Busmao, karani alizoea Kiswahili cha pwani, akaweka U- palipokuwa na Bu-.

Kuna sauti moja inayowatesa wote: ng'w. Jina linaloanza na Ng'wana, yaani "mtoto wa", unaweza kulikuta kama Ngwana, Mwana, Nwana, na mara nyingine bila mwanzo wowote, limebaki jina la mzazi tu. Vilevile l na r hupokezana. Kisukuma kinasema l, karani wa kutoka kwingine anaandika r. Kwa hiyo unapotafuta jina kwenye orodha ndefu, usitafute herufi. Andika kwanza kwenye karatasi namna tano au sita ambazo mgeni angeweza kulisikia, kisha tafuta zote.

Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani una mitego yake. Herufi u huwekewa kamstari kalikokunjika juu yake ili isichanganywe na n, na e yao inafanana mno na n yetu. Usikisie neno zima mara moja. Tafuta kwenye ukurasa huo neno unalolijua kwa hakika, kama Muansa, ulichambue herufi kwa herufi, halafu utumie herufi hizo kama ufunguo.

Ukikwama kabisa, lisome kwa sauti mbele ya mzee anayezungumza lugha ya ukoo. Usimwonyeshe karatasi. Sikio lake litalitambua jina ambalo jicho lako limelikataa.

Hatua ya 3: Vifupi vya uzazi

Hapa ndipo koo nyingi zinapopotezwa, nami nitakaa kidogo.

"Masanja b. Lugata" haina maana kwamba Masanja alizaliwa Lugata. Hiyo b. ni "bin", na "bt." ni "binti". Karani wa Kiingereza aliandika "s/o" kwa mtoto wa kiume wa fulani, "d/o" kwa mtoto wa kike, "w/o" kwa mke. Alama ya @ kati ya majina mawili, ambayo mahakama zetu zinaitumia mpaka leo, ina maana "ajulikanaye pia kama". Ukiikuta, shukuru. Umepewa jina la nyumbani na jina la serikalini kwa pamoja.

Lakini hata ukishajua b. ni bin, usikimbilie kusema Lugata ndiye baba mzazi. Kwa mila ya Wasukuma, mtoto wa mwanamke ambaye mahari yake haikutolewa alihesabiwa upande wa mama, mpaka baba atoe ng'ombe wa kumkomboa. Mtoto kama huyo angeweza kuandikwa bin wa baba yake mama. Wapo pia walioandikwa bin wa mjomba aliyewalea, na waliotaja jina la mtemi wao kwa sababu karani aliuliza "Wewe wa nani?" nao wakaelewa wanaulizwa utawala. Kwa hiyo andika "bin" kama ilivyo, na kando yake weka alama ya kuuliza mpaka upate ushahidi wa pili.

Hatua ya 4: Kabila la kwenye karatasi

Sukuma ni neno la upande: kaskazini. Dakama ni kusini, Kiya ni mashariki, Ng'weli ni magharibi. Mtu wa kaskazini akifika Tabora anaitwa Msukuma. Akishuka mpaka pwani na mzigo kichwani, wote wa bara anakotoka wanaitwa Wanyamwezi. Mtu mmoja anaweza kuwa Msukuma kwenye daftari la Mwanza, Mnyamwezi kwenye orodha ya wapagazi, na nyumbani kwao akajiita Mnyantuzu, mtu wa Ntuzu. Hajabadili ukoo. Aliyebadilika ni mwulizaji.

Maneno mengine utakayoyakuta: "Gaya" ni Wajaluo kama walivyoitwa na majirani zao. "Shashi" lilitumiwa na watu wa Usukumani kwa jamii za upande wa Mara. "Rongo" ni wahunzi wa upande wa Uzinza. "Manga" ni Waarabu wa Omani na "Shihiri" ni wa Hadhramauti. "Swahili" katika karatasi za Mwanza mara nyingi si kabila hata kidogo. Ni Mwislamu wa mjini, pengine Mmanyema (mwenye asili ya mashariki ya Kongo) au mtu aliyetoka utumwani, ambaye karani hakujua pa kumweka. Ukimkuta babu ameandikwa Swahili wakati wadogo zake wameandikwa Zinza, usikatae kwamba ni wako. Uliza kwanza kama alihamia mjini akasilimu.

Neno "pagan" linawachoma wengi. Nimeona watu wakifunga daftari kwa hasira. Chukua maana yake ya kiofisi: hakubatizwa na si Mwislamu. Linakuambia kitu cha maana, kwamba mpaka tarehe ile babu alikuwa anafuata mizimu ya kwao.

Hatua ya 5: Kibanda, kichwa na mke wa ziada

Kodi ya kibanda aliileta Mjerumani mwaka 1898, nayo ilihesabiwa kwa rupia. Mwingereza akaiendeleza, pamoja na kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na nyumba yake. Safu za daftari lake kwa hiyo zina maneno kama "hut", yaani kibanda, "poll", yaani kichwa, na "extra wife" au "plural wife", yaani mke wa ziada.

Soma safu hizi kama picha ya kaya ya babu. Mwenye "poll" bila "hut" huenda alikuwa kijana ambaye bado anaishi kwa baba yake. Miaka michache baadaye anahamia safu ya "hut", na hapo una makadirio ya lini alioa. Vibanda viwili au vitatu kwa jina moja kwa kawaida ni wake wawili au watatu. Si lazima, kwa maana mama mjane au shangazi aliyerudi nyumbani naye alikuwa na kibanda chake. Mwanamke haandikwi kwa jina isipokuwa ni mjane mwenye nyumba. "Exempt" ni aliyesamehewa, mara nyingi kwa uzee au ulemavu, nalo ni dokezo zuri la umri.

Nikarudi kwa shangazi na "Do." yangu. Kwenye daftari lile kila kibanda kilikuwa na mstari wake. "Kama hapo juu" ilikuwa na maana ya mtu yule yule, kibanda cha pili. Nikamuuliza, "Shangazi, babu alikuwa na nyumba ngapi?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mbili. Ya pili ilikuwa ya mama yetu mdogo. Aliondoka mwaka wa nzige, akarudi kwao." Nikauliza mbona hajawahi kumtaja. "Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa unauliza habari za Doto."

Fedha pia ni saa. Rupia na hela ni enzi ya Mjerumani na miaka michache baada yake. Florini ilidumu muda mfupi sana, 1920 na 1921, ikaja shilingi. Ukurasa usio na tarehe lakini wenye florini umejitaja wenyewe.

Hatua ya 6: Kilatini cha kitabu cha ubatizo

Vitabu vya Wakatoliki viliandikwa kwa Kilatini mpaka miaka ya 1960. Maneno ni machache na yanajirudia. "Filius" ni mtoto wa kiume, "filia" wa kike. "Natus circa" ni "amezaliwa yapata", maana padre alikisia. "Patrinus" na "matrina" ni wasimamizi wa ubatizo, nao si lazima wawe ndugu. "Obiit" ni amefariki.

Tarehe ndizo zinazonasa watu. "7bris" si Julai. Saba kwa Kilatini ni septem, kwa hiyo ni Septemba. "8bris" ni Oktoba, "9bris" Novemba, na "Xbris" Desemba. Ukiona majina arobaini yote yamebatizwa "24 Xbris", umeingia kwenye mkesha wa Noeli.

Vifupi viwili viangalie mara mbili. "Catech." inaweza kuwa katekista au mkatekumeni, na tofauti yake ni kubwa: mmoja ni mwalimu, mwingine bado ni mwanafunzi anayesubiri maji. Ukoo hupenda katekista. Tazama jina liko wapi. Likiwa kwenye safu ya shahidi au msimamizi, huenda ni katekista kweli. "Vid." inaweza kuwa "vidua", mjane, au "vide", yaani "tazama", na ikifuatwa na namba ya ukurasa ni hiyo ya pili.

Mapadre Weupe walikuwa na sheria ya kumfundisha mtu mzima kwa miaka minne kabla ya kumbatiza. Ukikuta babu kabatizwa mtu mzima mwaka 1912, alianza kuhudhuria misheni yapata 1908, na wakati huo aliishi karibu nayo. Hesabu hiyo haifai ukiona "in periculo mortis" au "in articulo mortis". Huyo alibatizwa akiwa mahututi, bila kungoja miaka.

Halafu soma pembeni. Tangu 1908 Kanisa lilitaka ndoa ya mtu irudishwe kuandikwa kwenye mstari wake wa ubatizo. Kile kimwandiko kidogo kilichobanwa kwenye ukingo wa karatasi kinaweza kukupa mke, mwaka na parokia ya mbali ambayo hukuwahi kuifikiria.

Hatua ya 7: Vyeo na kazi

"Sultan" katika karatasi za Kijerumani ni mtemi. Si Mwarabu wala si lazima Mwislamu. Wapo walioanza kutafuta asili yao Omani kwa sababu ya neno hili moja. Mwingereza alimwita mtu huyo huyo "Chief". "Headman" kwetu ni mwanangwa, na "jumbe" ni neno lililoletwa kutoka pwani.

"Boy" si umri. Mtu wa miaka arobaini anayepika kwa bwana aliandikwa boi. "Dresser" ni dresa, msaidizi wa hospitali anayefunga vidonda. "Serang" ni serahangi, mkuu wa mabaharia kwenye meli. Topasi ni mfagiaji na mzoa taka wa mji. Manamba ni kibarua wa mkataba aliyekwenda kwenye mkonge, na kama babu ana pengo la miaka, tafuta huko. "K.A.R." (King's African Rifles) ndiyo Keya ya wazee, jeshi la Mwingereza.

"N.A." yenye herufi kubwa, hasa ikiwa mbele ya neno "clerk" au "court", ni "Native Authority", serikali ya wenyeji chini ya mtemi. Ile "n/a" ndogo kwenye safu tupu ni "haihusiki". Usiziunganishe.

Hatua ya 8: Mahali

Usitafute kijiji cha leo. Tafuta utemi: Nera, Bukumbi, Busmao, Nassa, Ntuzu, Masanza. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, kwa hiyo kijiji kilichoandikwa kinaweza kuwa shamba la pamba sasa, na jina lake limehamia kilomita kadhaa kando ya barabara. "Lake Province" ni Jimbo la Ziwa, lililokuwa kubwa kuliko Mkoa wa Mwanza wa leo. Geita na Simiyu ni mikoa tangu 2012 tu, hivyo mtu wa Bariadi au Geita tafuta karatasi zake chini ya wilaya za zamani. Ukipata muda pita Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, uulize habari za watemi.

Hatua ya 9: Andika bila kusahihisha

Chukua daftari la mistari, ligawe safu tatu. Ya kwanza: neno kama lilivyo, na makosa yake yote. Ya pili: unavyodhani karani alimaanisha nini. Ya tatu: nyumbani wanasemaje, nani kasema, na siku gani. Usifute safu ya kwanza hata ukiwa na uhakika. Mimi niliifuta mara moja nikaweka Doto, na ingekuwa sikubaki na picha ningekuwa naye mpaka leo.

Huu ndio mstari wangu ulivyo sasa. Safu ya kwanza: "Do., hut, 1." Safu ya pili: babu yule yule, kibanda cha pili, kodi ya nyumba moja. Safu ya tatu: mke wa pili wa babu, aliondoka mwaka wa nzige, yaani mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa maneno ya shangazi. Jina lake shangazi alilitaja kwa sauti ya chini, nikaliandika kama nilivyolisikia. Kwao ni Ukerewe. Jumamosi nitapanda kivuko kwenda Nansio.